Kichuguu Nilichokiita Faru

Kwa muda wa dakika arobaini wageni wangu wanne walipiga picha kichuguu cha mchwa, na mimi ndiye niliyewaambia kwamba ni faru.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Miaka kumi nilikuwa nimeendesha magari ya watalii kutoka Karatu, na kreta ya Ngorongoro niliiona kama uwanja wa nyumbani kwetu. Kati ya wageni wale alikuwemo bibi mmoja mwenye umri wa kunizaa. Tangu getini aliniambia hakuvuka bahari kwa ajili ya simba wala tembo, amekuja kumwona faru, na akishamwona atarudi kwao ametulia. Nikamwahidi. Tulipofika tambarare, ng'ambo ya ziwa, nikaona umbo la kijivu limejiinamia mbali kwenye nyasi. Darubini yangu nilikuwa nimempa yeye. Nikazima injini nikasema, kwa sauti ile ya chini tunayotumia tukitaka wageni wasisimke, “Faru. Amelala.”

Saa sita mchana joto la kreta hutetemesha kila kitu, na mtu akishaambiwa ni faru, anaona hadi pembe. Bibi wa watu alilia kwa furaha. Sisemi kwa kutania, machozi yalimtoka kweli. Ndipo gari la mwenzetu mmoja likasimama kando yetu, dereva akatazama upande ule, akatutazama sisi, kisha akashika redio.

“Kaka, mna nini hapo?”

“Faru amelala.”

Akatazama tena. Halafu: “Mwamba, hicho kichuguu kipo hapo tangu mwaka juzi.”

Redio ya dereva mmoja inasikika katika magari yote yaliyomo kreta. Kicheko kilichofuata hakikuhitaji mkalimani. Nikawaeleza wageni ukweli, na bibi akashusha darubini, akaniambia haidhuru, akaiweka mapajani. Hakuinyanyua tena mpaka tulipotoka kreta. Matusi ningeyavumilia vizuri zaidi.

Sasa niseme ambalo sikumwambia mtu siku ile. Nilikuwa sioni mbali kwa miezi kadhaa, na nilikuwa naficha. Kazi yetu siku hizi inakuruhusu kuficha. Mwenzako akimwona simba anatangaza redioni “sharubu mto wa pili,” wewe unakanyaga mafuta, unafika, unanyoosha kidole, mgeni anakusifu kwa macho makali. Kuna na kundi la simu, linatupa picha na mahali. Nilikuwa naishi kwa macho ya wenzangu na kuchukua bahashishi kwa jina la macho yangu.

Macho yangu yenyewe nilikuwa nimeyapeleka kwenye simu. Miaka miwili nyuma nilikuwa nimejiwekea lengo la kujua Kifaransa ili nipate wageni wa huko, kwa hiyo masomo niliyapakua yote na kuyabeba kila niendako. Wageni wakila chakula cha mchana, mimi nipo kwenye vitenzi. Wakilala, vitenzi. Hata nikienda kwetu Arash kumsalimia mama, nilikaa mlangoni pake na simu yangu sentimita chache kutoka puani. Baada ya vitenzi zilikuja video, baada ya video makundi, na kichwa kilikuwa kinaniuma kuanzia kwenye paji hadi kisogoni. Macho yalikauka yakawasha, nikasingizia vumbi. Nikawa mkali. Niliwahi kumfokea muuza chapati wa pale stendi kwa kosa la kuniuliza nataka ngapi.

Niliogopa, ndiyo sababu nilificha. Nilikulia mahali ambapo wazee wenye trakoma huongozwa kwa fimbo, mtoto mbele wao nyuma. Kila nilipokodoa macho niione njia, niliiona fimbo ile.

Bosi wangu ni mwanamke wa Karatu asiyepaza sauti. Aliniita, akanisomea malalamiko ya wageni mstari kwa mstari, kisha akafunga kompyuta yake.

“Kwa kichuguu sikufukuzi,” alisema. “Ila sikupi gari la watu mpaka nijue unaona. Chukua wiki tatu. Ukirudi tunashuka kreta mimi na wewe, bila redio, bila simu, darubini nashika mimi. Tumpate faru tusimpate, mimi nitajua tu kama unaona. Ukishindwa nakutafutia meza hapa ofisini.”

Meza ya ofisini maana yake ni kutazama kioo cha kompyuta kutwa nzima. Nilitoka pale nikiwa na hasira naye, na hasira na nafsi yangu zaidi, kwa sababu kazi ile ndiyo kitu pekee nilichowahi kukipenda kuliko ng'ombe.

Kesho yake nikaenda kwa mtaalamu wa macho, mama wa Kiiraqw mwenye mikono ya baridi. Alinikalisha mbele ya ubao wa herufi. Niliisoma mistari mitatu. Wa nne nikaanza kubahatisha, naye akanikatiza.

“Kaka, hapa hatuchezi bahati nasibu.”

Akanitia matone, akaniambia nisubiri kwenye benchi. Nilikaa pale nimefumba macho, nikiwaza nani atanishikia fimbo. Baada ya nusu saa hivi akanirudisha mbele ya ubao uleule.

Nikasoma mpaka mstari wa mwisho. Nikausoma tena nikidhani ameubadilisha.

Akacheka. “Macho yako ni mazima. Yamekakamaa tu. Ukikunja ngumi mwaka mzima, siku ukitaka kuikunjua vidole vitagoma. Ndani ya jicho kuna msuli unaojikaza ukitazama karibu. Wewe umeukaza asubuhi mpaka usiku, sasa umesahau kulegea. Hii dawa imeulegeza kwa nguvu, lakini ikiisha utarudi kulekule, usije ukanipigia simu kunilaumu.”

“Miwani je?”

“Nikikupa miwani leo nitakuwa nimeisaidia ngumi ikae vilevile. Kwanza iache simu. Ukishindwa kuiacha, isogeze mbali na uso, na kila baada ya dakika chache inua macho utazame mbali, mbali kabisa, mpaka uhisi jicho limepumzika. Pepesa. Lala. Kaa nje mchana, uvae kofia. Rudi baada ya wiki tatu nikupime.”

Nilitoka nje nikiwa nimekinga macho kwa mkono, maana dawa ile inaachia mwanga wote uingie. Ujumbe wa bosi ulipoingia kwenye simu sikuweza kuusoma hata neno moja. Maandishi ya karibu yote yalikuwa yameyeyuka. Lakini niliponyanyua uso, Mlima Oldeani ulikuwa pale. Sina namna bora ya kusema. Miaka kumi nimeupita kila siku, na miezi ile nilikuwa nimeridhika kuuona kama doa la buluu. Sasa niliona pindo la msitu, niliona mahali miti inapoachia mashamba, niliona moshi mwembamba wa mtu anayepika huko juu. Nilisimama kando ya barabara, katikati ya bodaboda na wauza vitunguu, mdomo wazi. Mtu mmoja akaniuliza kama nimeibiwa.

Jioni dawa ikaisha na mlima ukarudi kuwa doa. Hapo ndipo nilipolia.

Nikapanda basi la Loliondo, nikaenda kwetu. Mama yangu ni mjane wa miaka sitini na kitu, Mmaasai wa ulimi mkali, na maneno yake hapa nayaandika kwa Kiswahili ingawa mwenyewe aliyasema kwa Kimaasai. Nilimweleza yote, pamoja na kichuguu. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanyoosha kiganja, akaichukua simu yangu, akaifunga kwenye kitambaa na kuizika chini kabisa kwenye kopo lake la shanga.

“Hapo hata mwizi hataiona,” alisema. “Sasa nitungie uzi kwenye sindano.”

Uzi niliupitisha kwa jaribio la kwanza. Yeye alikuwa amehangaika nao tangu asubuhi, sindano ameishika mbali urefu wote wa mkono.

“Kumbe una macho ya sindano,” akasema. “Ngoja jioni tuone kama una ya ng'ombe.”

Sikulitilia maanani. Nilimtazama akishona. Kila mstari wa shanga ulipoisha aliweka kazi mapajani, akainua uso, akatazama vilima mpaka akaridhika, ndipo akaanza mstari mwingine. Nimemwona akifanya hivyo tangu utotoni, na siku zote nilidhani anawaza.

Ng'ombe wetu huchungwa na ndugu yangu mdogo, baba wa watoto watatu. Jioni wakirudi, lazima mtu wa nyumbani asimame langoni awatazame wakiingia. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Kumtaja ng'ombe kwa namba ni kumwita mkosi, na isitoshe hakuna haja: unawajua kama unavyojua watu wa nyumba yako, yule wa mabaka, yule wa pembe iliyokatika, binti wa yule mweusi aliyekufa mwaka wa ukame. Wakiingia wote unasikia moyo umetulia. Akikosekana mmoja unamjua ni nani kabla lango halijafungwa.

Jioni ya tano mama akaniambia nisimame mimi. Jua lilikuwa bado juu ya mgongo wa kilima. Ng'ombe wakaja na vumbi lao, na kilichonifikia mimi kilikuwa mawimbi ya kahawia na nyeusi. Mabaka sikuyaona mpaka ng'ombe afike mita chache kutoka nilipo, na hapo tayari mwingine amempita upande wa pili. Nikaingiwa na aibu. Basi nikafanya jambo ambalo hakuna mtoto wa boma letu aliyewahi kulifanya: nikawahesabu. Kimoyomoyo, kwa Kiswahili cha shuleni, nikidhani Kimaasai hakitanisikia. Idadi nilikuwa nimeshamwuliza ndugu yangu asubuhi kwa ujanja, nikijua zamu yangu itafika, naye alinishangaa lakini akanijibu. Wa mwisho alipoingia, namba yangu ilikuwa kamili.

“Wote wamo, yeyo,” nikamwambia mama.

Alikuwa amesimama nyuma yangu na kibuyu chake cha kukamulia. “Midomo yako ilikuwa inacheza,” alisema.

Nikaibana.

“Umewahesabu.” Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyemkuta mwanawe anakula mchanga. Kisha akaelekeza kibuyu ndani ya zizi. “Yule mwekundu pale kwenye ukuta, yule wa pembe iliyoinama, ni wa jirani. Amefuatana na wetu. Mtamba wangu mwekundu wa paji jeupe hayumo. Na ana mimba.”

Ng'ombe mmoja ametoka, mwingine ameingia, na hesabu yangu haikutikisika. Ndugu yangu alikuwa ameshaenda mtoni na ndoo, na jua lilikuwa linazama, na fisi wa kwetu hawasubiri giza liive.

Mama akapanda juu ya kifusi cha samadi nje ya lango. Hakukodoa macho. Alitulia tu, uso umelegea, akiutazama upande mzima wa vilima kwa pamoja, kutoka mwanzo wake hadi mwisho, taratibu, halafu mara ya pili. Nilitazama alipokuwa anatazama nikaona kijani na kivuli.

“Yule pale,” alisema. “Kilima cha pili, chini ya migunga mitatu. Amesimama.” Akainamisha kichwa upande. “Hayuko peke yake. Kuna kitu chini yake kinatikisa sikio.”

Nilichukua fimbo nikakimbia. Mwendo ule ni wa robo saa kwa mtu anayetembea, na kila nilipopoteza uelekeo niligeuka nyuma nikamwona mama kama doa jekundu juu ya kifusi, nami nikaliweka doa hilo mgongoni sawasawa nikaendelea. Migunga mitatu ilikuwepo. Mtamba alikuwepo, anatetemeka, na chini ya tumbo lake palilala ndama aliyezaliwa muda si mrefu, bado ana ute, anapepesa macho yake makubwa na kutikisa sikio moja.

Nilipiga magoti. Sikio lile halikuzidi upana wa kiganja changu. Mwanamke asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano alikuwa ameliona kutoka langoni mwake. Nimewaonyesha wageni nyumbu wakivuka tambarare mpaka ardhi ikawa nyeusi, na sijawahi kuhisi kitu kama nilichohisi pale. Nilimbeba ndama mabegani, mama yake akanifuata akilia nyuma ya shingo yangu, tukafika lango likiwa bado linaonekana. Mama alimpokea, akampangusa, hakunisifu wala kunisuta.

Tangu siku hiyo nikawa natoka na ng'ombe asubuhi. Kwa siku za mwanzo ilikuwa mateso. Mkono ulikuwa unakwenda mfukoni wenyewe, unakuta patupu. Nilitazama kilima, nikachoka, nikatazama kucha zangu. Kisha nikaanza kufanya kama mama: naacha uso ulegee, nachukua upande mzima, sitafuti kitu. Kichwa kikaacha kuuma bila mimi kutambua ni siku gani. Nililala usingizi wa utotoni. Nikaanza kuwajua ng'ombe tena, wa karibu kwanza, halafu wa katikati ya kundi, halafu wale wanaopenda kutangulia.

Kama siku ya kumi na mbili hivi, nikiwa juu ya mteremko, nikageuka kutazama bomani. Nyumba zilikuwa vidoa. Kati ya vidoa akatoka mtu, nami nikajua ni mama kwa jinsi anavyotupa bega la kushoto akitembea. Nikaona ameshika kibuyu. Nikaona ameweka mkono juu ya macho kukinga jua, na nikaelewa ananitafuta mimi. Nikainua fimbo. Akainua kibuyu. Tulikuwa mbali kiasi kwamba hata ningepiga kelele asingesikia, na tulikuwa tunaonana. Nilihisi kama nimerudishiwa dunia nzima, mimi ambaye sikustahili hata nusu yake.

Wiki tatu zilipoisha nilimwambia mtaalamu wangu wa Karatu asinitie matone kwanza. Nilisoma mistari yote isipokuwa herufi mbili za chini. Akasema ngumi imefunguka, niichunge isijifunge tena. Nilimsimulia habari za mama na sindano, akafungua droo akatoa miwani ya kusomea. “Wa umri wake karibu wote wanaihitaji,” alisema, “ila bado mlete nimpime.”

Na bosi alishuka nami kreta kama alivyosema. Kwa saa tatu nzima hatukuona faru, nami sikubuni hata mmoja. Nilimwonyesha mbweha wawili, swala aliyelala peke yake, na kichuguu changu, nikakitaja kwa jina lake halisi. Tulipokuwa tunakaribia kuondoka nikazima injini. Mbali sana, ng'ambo ya nyumbu, palikuwa na kitu cha kijivu nilichokuwa nimekitazama kwa muda bila kusema.

“Kile je?” nikamwuliza. “Kushoto kwa nyumbu wa mwisho. Kimegeuza sikio.”

Alitazama kwa darubini muda mrefu. Alipoishusha alinipa funguo za gari, ingawa zilikuwa tayari kwenye swichi na ilibidi azichomoe kwanza. Nilimwonea huruma bibi yule wa watu, aliyerudi kwao bila kumwona faru wake.

Mara ya kwanza nilipopata mapumziko nikaenda Arash na ile miwani. Mama alikuwa mlangoni na shanga zake. Nikamvalisha. Alitazama kazi iliyokuwa mapajani, akashtuka, akanionyesha mstari mzima aliochanganya rangi ya chungwa na nyekundu, akawatukana wote waliomsifia. Akatunga uzi mwenyewe. Kisha akainua uso akanitazama mimi, niliyekaa mbele yake umbali wa mkono, na uso wake ukabadilika.

Akanishika kidevu akakigeuza kwenye mwanga.

“Una mvi,” alisema. “Tangu lini?”

“Kama miaka mitatu, yeyo.”

“Na hili kovu kwenye nyusi?”

“Boneti ya gari. Mwaka jana.”

Alipitisha kidole juu yake. “Nilikuwa nakujua kwa mwendo tu,” alisema. “Ukiwa mbali nakuona vizuri. Ukishakaa hapa unapotea.”

Nikataka kumwuliza kwa nini hakuwahi kusema. Badala yake nikaushika mkono ule uliokuwa usoni kwangu, nikautazama. Kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kidole gumba palikuwa na kovu pana la moto, limeng'aa, la zamani.

“Hili je?” nikauliza. “Hili la lini?”

Mama aliuvuta mkono wake taratibu, akarudi kwenye shanga.

“Chai ilinimwagikia, mwaka ule ulipokuwa unajifunza lugha ya wageni,” alisema. “Ulikuwa umekaa hapohapo ulipokaa sasa, na simu yako. Ukaniambia pole.”